Bibi Goharshad na ukuta wa feruzi



Hebu nianze na jambo ambalo bila shaka umelifanya wiki hii. Baada ya swala ya Alasiri, jua bado kali na Magharibi iko mbali, unatafuta mahali pa kuegemea msikitini. Unaegemea ukuta. Mgongo wako unagusa kigae, cha baridi na laini, chenye ua la buluu au nyota, na ule ubaridi unakupa nguvu ya kungoja adhana. Kigae hicho kimetoka kiwandani, kimeletwa kwa kontena, na kamati ya msikiti ilikinunua kwa boksi. Hakuna ubaya. Lakini fikra hii ya kuuvisha ukuta wa msikiti nguo ya rangi inayong'aa ina wenyewe, na katika hao wenyewe yuko mama mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma tangu mwezi wa Rajab na sijachoka naye.

Jina lake Goharshad. Ni jina la Kiajemi, na nusu yake unaijua tayari: gohar ndiyo johari yetu, neno lililopitia kwa Waarabu hadi likafika pwani. Shad ni furaha. Johari yenye furaha, basi. Mbele utaamua mwenyewe kama jina lilimfaa.

Alizaliwa karne ya 14 ikikaribia kwisha, katika nyumba ya wakubwa. Baba yake, Ghiyath al-Din Tarkhan, alikuwa amiri katika jeshi la Timur, yule kiwete aliyetoka Asia ya Kati akaitikisa dunia kutoka Delhi hadi Damascus. Cheo cha tarkhan kilikuwa katika ukoo wao tangu enzi za Chinggis Khan, na mwenye cheo hicho hakutozwa kodi. Goharshad akaolewa na Shah Rukh, mtoto wa Timur. Kwa hiyo usimfikirie kama binti masikini aliyeokotwa na mfalme, la. Huyu aliingia ikulu akiwa na ndugu zake wa kiume wenye panga na vyeo, na aliujua uzito wake.

Mwaka 1394 akajifungua mtoto wa kwanza, mjini Sultaniyya, jeshi likiwa safarini. Mtoto huyo ndiye Ulugh Beg, ambaye baadaye alijenga kituo cha kutazama nyota kule Samarkand na kupima miaka na nyota kwa usahihi ambao wanasayansi bado wanausifu. Lakini mamake hakumlea. Desturi ya ile nyumba ilikuwa kwamba mjukuu wa Timur anaweza kutwaliwa kwa mama yake akalelewa na mke mkubwa wa Timur, Saray Mulk Khanum. Na ndivyo ilivyokuwa. Liweke akilini jambo hili, maanake Goharshad naye alipopata nafasi alilea wajukuu wake wawili vivyo hivyo, na malezi hayo ndiyo yaliyokuja kuivunja nyumba nzima.

Mwaka 1397 akazaliwa Baysunghur. Huyu naye mkumbuke.

Timur alifariki mwaka 1405 akiwa njiani kwenda kuipiga China. Wanawe na wajukuu wakararuana, kama ilivyo kawaida ya nyumba za aina hiyo. Ilimchukua Shah Rukh miaka minne kuushika mji wa Samarkand, na alipoushika mwaka 1409 hakukaa hapo. Alimwachia mwanawe Ulugh Beg, kijana wa miaka kumi na mitano tu, yeye akarudi Herat, mji ambao leo uko Afghanistan, akaufanya makao makuu. Baba alikuwa mtu wa kubomoa. Mtoto alitaka kuitwa mfalme wa Kiislamu, mwenye kufuata sheria, mwenye kujenga. Sasa, kujenga kunataka mtu mwenye jicho na mwenye mali yake, na mtu huyo alikuwa mkewe.

Nakuomba tusafiri kidogo hadi Mashhad, kaskazini mashariki ya Iran. Hapo ndipo alipozikwa Imam Ali al-Ridha, wa uzao wa Mtume (s.a.w.), aliyefariki mwaka 818. Nyumba ya Timur ilikuwa ya Kisunni, madhehebu ya Hanafi, lakini mapenzi kwa Ahlul Bayt hayakuwa ya kundi moja, na Goharshad alipochagua pa kujenga msikiti wake mkubwa wa kwanza alichagua papo hapo, ubavuni mwa kaburi lile. Akatoa mali yake mwenyewe. Akamwita Qavam al-Din Shirazi, fundi mkuu wa wakati ule, mtu wa Shiraz. Mwaka 821 Hijria, yaani 1418, msikiti ukawa tayari.

Ukiingia unajikuta katika ua ulio wazi. Kila upande wa ua una ukumbi mrefu wenye tao kubwa, umefunikwa juu na wazi mbele. Waajemi huuita iwani. Iwani nne zinatazamana. Ile ya kibla ndiyo kubwa kupita zote, ina minara miwili inayoinuka kutoka ardhini kwenye pembe zake, na nyuma yake kuna kuba la feruzi. Na popote unapotupa macho kuna vigae. Buluu iliyokolea kama bahari ya kina, feruzi, nyeupe, nyeusi, rangi ya asali, kijani. Maua yanapanda juu ya maua, na maandishi yanapita katikati kama mto.

Unaweza kuuliza, kwani kulikuwa na haja gani? Nami nilijiuliza. Jibu la kwanza ni la ardhi yenyewe. Khorasan ni nchi kavu, mawe ya kuchonga si mengi, na watu wake hujenga kwa matofali ya udongo. Kila kitu ni rangi ya vumbi: mlima, barabara, ukuta, hata anga wakati wa upepo. Katika nchi kama hiyo feruzi moja tu inaonekana mbali sana. Mafundi walianza kwa uchache. Katika karne ya 12 walikuwa wakichomeka vipande vichache vya feruzi katikati ya matofali, kama mtu anayeshonea kanzu uzi wa rangi shingoni. Vikazidi, vikazidi, mpaka ilipofika zama za Goharshad tofali halionekani tena, limevaa nguo kamili.

Mji uliokuwa na ustadi huo ulikuwa Kashan, na mpaka leo Mwajemi anakiita kigae kashi kwa sababu ya mji huo. Kulikuwa na familia moja, ukoo wa Abu Tahir, waliorithishana kazi hii baba kwa mwana kwa vizazi. Mmoja wao, Muhammad ibn Abi Tahir, alitengeneza vigae vya dhahabu dhahabu kwa ajili ya lile lile kaburi la Mashhad mwaka 1215, miaka mia mbili kabla ya Goharshad. Mwingine wa ukoo huo, Abu'l-Qasim, aliacha tanuri akawa mwandishi wa historia katika ikulu, na mwaka 1301 akaandika siri za kazi ya jamaa zake zote kitabuni. Sijui jamaa walimwonaje! Lakini kwa ajili yake tunajua mambo mengi.

Tunajua kwa mfano kwamba kigae chao hakikuwa udongo mtupu. Walichukua jiwe jeupe gumu, wakalisaga likawa unga, mafungu kumi. Wakatia fungu moja la udongo mweupe na fungu moja la kioo kilichosagwa. Kile kioo nacho walikipika wenyewe, kwa kuyeyusha unga wa jiwe pamoja na majivu ya magugu ya jangwani. Ukichanganya hayo unapata kitu kigumu, cheupe, kinachokubali rangi. Juu yake wanapaka maji mazito ya kioo yenye dawa ya rangi: shaba kwa feruzi, bati kwa nyeupe, manganisi kwa zambarau na nyeusi, na kobalti, iliyochimbwa milimani karibu na Kashan, kwa ile buluu ya kina. Kisha tanuri.

Hapa pana jambo ambalo fundi yeyote wa kwetu atalielewa. Kila rangi ina moto wake. Ukizitia zote juu ya kigae kimoja na kuzichoma pamoja, moto utaifaa hii na kuiharibu ile, na rangi nyingine itatoka imefifia. Mafundi wa Goharshad hawakukubali hasara hiyo. Walichoma kila rangi peke yake, sahani nzima ya buluu, sahani nzima ya nyeupe, kila moja kwa moto wake. Halafu wakakaa chini na nyundo zenye ncha na tupa, wakazikata zile sahani vipande vidogo: jani, petali, mkia wa herufi. Vipande vikapangwa juu ya mchoro, uso ukitazama chini, vikabana kiasi kwamba huingizi hata ukucha. Nyuma yake wakamwaga jasi. Ikikauka, kile kipande kizima kikainuliwa na kubandikwa ukutani. Maana yake yule aliyepanga hakuiona kazi yake mpaka ilipogeuzwa. Alikuwa akifanya kazi kwa upande wa nyuma tu, kwa kumbukumbu na kwa imani.

Petali moja, kipande kimoja. Sasa zidisha kwa iwani nne.

Na yale maandishi? Utepe mkubwa unaozunguka iwani ya kibla, herufi nyeupe juu ya buluu, aliuandika Baysunghur. Ndiyo, yule mtoto wa pili. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu kidogo, na mkono wake wa khati ya thuluthi ulikuwa umeshakomaa kiasi cha kupewa ukuta huo. Jina lake ameliweka mwishoni pamoja na jina la baba yake na mwaka 821. Kijana unayesoma hapa na unayejua kuandika khati nzuri, hilo ninakuachia ulifikirie.

Watu wa Mashhad wana simulizi zao kuhusu ujenzi huu, na nitakupa mbili, ukijua kwamba ni simulizi na si historia iliyoandikwa. Ya kwanza ni ya bibi kizee aliyekuwa na kijumba katikati ya kiwanja. Akakataa kukiuza, kwa bei yoyote. Mafundi walikuwa tayari kumsukuma, lakini Goharshad akakataa asidhulumiwe, na pakaachwa mahali pake katika ua, pakawa msikiti mdogo ndani ya msikiti mkubwa. Mpaka karne ya 20 palikuwa na sehemu katikati ya ua iliyoitwa msikiti wa kizee.

Ya pili huipenda zaidi vijana. Inasemwa Goharshad alizoea kuja kukagua kazi. Siku moja upepo ukamwondolea shela, na kibarua mmoja akamwona uso. Akarudi kwao mgonjwa, hali hanywi. Mamake alipojua kisa akaogopa, lakini mwisho akajikaza akaenda kwa malkia kumweleza. Malkia hakukasirika. Alimpelekea kijana ujumbe kwamba yuko tayari kuachana na mumewe na kuolewa naye, ila mahari anayotaka ni siku arubaini za ibada katika mihrabu ya msikiti ule mpya. Kijana akaingia siku ya kwanza kwa ajili ya malkia. Siku ya arubaini mjumbe alipokuja kumuuliza, alijibu kwamba shauri lile la ndoa halina haja nalo tena, amempata Aliyekuwa hamjui. Kama ilitokea au haikutokea, tangu utotoni watu wa pale wanaambiwa, na mimi nikikaa itikafu huwa namkumbuka kibarua yule.

Nikirudi kwenye yenye uhakika: Qavam al-Din naye ana kisa chake. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumuudhi Shah Rukh kwa ajili ya jengo fulani akafukuzwa ikulu mwaka mzima. Fundi hakukaa bure. Akajifunza elimu ya nyota, akatunga kalenda, akarudi nayo kama zawadi, na sultani akacheka kuona mtu aliyeharibu mambo ya ardhini sasa ameamua kushughulikia ya mbinguni. Akasamehewa. Alikufa mwaka 1438.

Kabla hajafa alikuwa amemjengea Goharshad kazi kubwa zaidi ya ile ya Mashhad. Ilikuwa Herat kwenyewe: msikiti wa Ijumaa na madrasa, pamoja na minara. Kazi ilianza 1417 na msikiti ulikamilika miaka ishirini baadaye. Waliouona wakati wa uzima wake walisema haukuwa na mfano katika Asia yote, nami nawaamini, kwa sababu kipande kidogo kilichobaki kinatosha.

Hapa nataka kukuonyesha jinsi dunia ilivyokuwa ndogo hata zamani zile. Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa China, Yongle. Miaka minne baadaye, mwaka 1419, ujumbe wa Shah Rukh na wanawe ukaondoka Herat kwenda kwa Yongle huyo huyo, ukarudi 1422. Ndio wakati ambapo Gedi yetu ilikuwa katika utajiri wake, na wachimbuaji wa magofu wamefukua pale vigae vya vyombo vilivyopakwa kioo kutoka nchi za Kiislamu pamoja na kaure ya Kichina. Ukienda Mambrui utaona kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Sisi hatukuwa na matanuri ya Kashan, lakini hamu ile ile ya kuweka kitu kinachong'aa kwenye ukuta wa chokaa, tulikuwa nayo.

Baysunghur alikuwa na nyumba ya vitabu Herat, imejaa waandishi wa khati, wachoraji na wajalidi, na nakala ya Shahnameh aliyoisimamia mwaka 1430 ipo mpaka leo Tehran. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Baba yake, mfalme wa sheria, alikuwa akiamrisha mvinyo umwagwe, na mtoto anakunywa. Mwaka 1433 ulevi ukammaliza, hajafika hata miaka arubaini. Goharshad akamzika ndani ya madrasa yake, chini ya kuba lenye mbavu kama tikiti, limevishwa feruzi. Alijenga mahali pa elimu na mahali hapo pakawa nyumba ya msiba wake.

Mpaka hapa, msomaji, unaweza kudhani nakuletea malaika. Sivyo, na sitaki kukudanganya mwezi huu. Goharshad alikuwa na kipenzi. Kati ya wajukuu aliowalea, alimpenda mno Ala al-Dawla, mtoto wa Baysunghur, akataka yeye ndiye arithi ufalme. Mwingine aliyelelewa chini ya dari hiyo hiyo, Abd al-Latif mwana wa Ulugh Beg, akakua akiona anapewa makombo. Kosa hili wazazi wetu wengi wanalifanya na hawana hata ufalme wa kugawa.

Mwaka 1446 mjukuu mwingine, Sultan Muhammad, akaasi huko magharibi. Shah Rukh alikuwa mzee na mgonjwa, asiye na hamu ya vita, lakini akaenda, mkewe akiwa naye, na wengi wanasema ni mkewe aliyemsukuma. Mjini Saveh wakakamatwa wakubwa wa Isfahan waliompokea yule muasi, miongoni mwao wanazuoni na masharifu. Wakauawa. Waandishi wa historia wa zama zile walimlaumu Goharshad kwa damu hiyo, kwamba alimshikilia mumewe mpaka akatoa amri. Mama aliyekataa kizee asinyang'anywe kijumba, kama simulizi ni kweli, na mama aliyetaka masharifu wanyongwe: ni mtu mmoja. Nimelisoma mara mbili, nikafunga kitabu.

Machi 1447 Shah Rukh akafariki wakiwa bado safarini, karibu na Rayy. Msiba haujapoa, Abd al-Latif akamgeukia nyanya yake. Akampora mali, akamtia mbaroni, akaondoka naye kama mateka kuelekea mashariki. Ni jeshi la Ala al-Dawla lililomkomboa, na Abd al-Latif naye akaingia gerezani Herat. Ulugh Beg akaja na jeshi kutoka Samarkand kumpigania mwanawe. Mwaka 1448 akamshinda Ala al-Dawla na kuingia Herat, na Goharshad akakimbia mji alioujenga, akimkimbia mwana wake wa kumzaa. Ulugh Beg aliporudi kwao aliubeba mwili wa baba yake akauzike Samarkand. Kwa hiyo mume na mke hawakulala pamoja.

Na bado. Oktoba 1449 Abd al-Latif akamwasi baba yake huyo huyo aliyempigania, na kwa amri yake Ulugh Beg akakatwa kichwa. Yule aliyepima nyota. Mjukuu aliyelelewa na Goharshad amemuua mtoto ambaye Goharshad hakuruhusiwa kumlea. Miezi michache tu baadaye, mwaka 1450, Abd al-Latif naye akauawa.

Goharshad aliishi kuyaona yote hayo. Alirudi Herat, mzee sana sasa, na bado jina lake lilikuwa zito kiasi cha kuwatisha wanaume wenye majeshi. Mwaka 1457 Abu Sa'id, wa tawi jingine la ukoo wa Timur, akauteka mji. Akaambiwa kwamba ajuza yule anapeleka habari kwa siri kwa Ibrahim, mtoto wa Ala al-Dawla. Huenda ilikuwa kweli, kwa tabia yake singeshangaa. Julai mwaka huo akaamrisha auawe. Alikuwa na umri wa karibu miaka themanini. Wakamzika katika madrasa yake, jirani na Baysunghur.

Miaka kumi na miwili ikapita. Mwaka 1469 Abu Sa'id alishindwa vitani na Uzun Hasan, mfalme wa Aq Qoyunlu, akatiwa mikononi mwa kijana anayeitwa Yadgar Muhammad. Kijana huyo alikuwa mjukuu wa Baysunghur, kitukuu cha Goharshad. Akamuua kwa kisasi cha bibi yao.

Majengo nayo yana ajali zake. Mwaka 1885 Warusi walikuwa wakisogea kusini, na Waingereza wakaogopa kwamba watashambulia Herat na kujificha nyuma ya yale majengo nje ya ukuta wa mji. Kwa ushauri wao Amir Abd al-Rahman wa Afghanistan akaamrisha yabomolewe ili mizinga ipate uwanja wazi. Msikiti wa Goharshad, kazi ya miaka ishirini, ukalipuliwa. Warusi hawakuja. Ilibaki minara na kaburi, na matetemeko ya 1931 na 1951 yakaangusha minara mingine. Katika vita vya miaka ya 1980 risasi na makombora yakapita hapo. Sasa ni mnara mmoja tu wa kwake uliosimama, pamoja na minne ya madrasa iliyojengwa jirani baada yake, na Oktoba 2023 mkoa wa Herat ukatikiswa tena vibaya.

Mashhad umesalimika zaidi, ingawa si bila majeraha. Mizinga ya Warusi iliupiga mwaka 1912, na kuba lake ikabidi lijengwe upya katika karne ya 20. Julai 1935 watu walikusanyika ndani yake kupinga amri za Reza Shah, aliyetaka kuwavalisha wanaume kofia za Kizungu, na askari wakawafyatulia risasi mle mle ndani. Watu wengi walikufa chini ya ule utepe wa buluu.

Msikiti ungali ukiswaliwa. Vigae vinavyodondoka hukatwa upya kwa nyundo na tupa, kipande kwa kipande, na kupangwa uso chini kama zamani. Na ukisimama mbele ya iwani ya kibla ukafuata maandishi kwa macho mpaka mwisho wake, utalikuta jina la kijana Baysunghur pale alipoliweka.